Maendeleo Bila Kibali: Maneno ya Sheria ya Ujenzi Yanapofika Khwisero

 

Mama yangu mdogo aliletewa karatasi dukani mchana wa siku ya soko. Alikuwa ameongeza chumba kimoja nyuma ya duka lake: kuta za matofali ya kuchoma, mabati, sakafu ya saruji. Kijana aliyeileta alimwomba atie sahihi, naye akatia, akarudi kupima sukari. Jioni akamwita mjukuu wake wa darasa la saba amsomee. Mtoto alisoma kwa bidii yote aliyokuwa nayo, na kila alipokutana na neno gumu la Kiingereza alilitafsiri kwa Kiswahili alichofundishwa shuleni. Alipomaliza, nyanya yake akamuuliza, "Sasa wanasema nini?" Mtoto akajibu, "Wanasema umeleta maendeleo bila ruhusa."

Mama mdogo aliona karani fulani amekosea. Nani hushtakiwa kwa kuleta maendeleo? Aliikunja karatasi akaiweka chini ya kopo la majani chai. Mimi niliiona siku ya 22 tangu aitie sahihi. Sheria ilikuwa imempa siku 14 za kukata rufaa.

Nimekuja hapa Khwisero, Kaunti ya Kakamega, kuzungumza nanyi juu ya karatasi hiyo. Mtoto yule hakukosea hata kidogo. Neno alilolikuta, development, ndilo neno tunalolitafsiri kwa maendeleo kila siku, redioni, kanisani, kwenye baraza la chifu. Lakini ndani ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi, namba 13 ya 2019, neno hilo lina maana yake ya pekee: kufanya kazi yoyote ya ujenzi juu ya ardhi, au kubadilisha kwa namna ya msingi matumizi ya jengo au ya ardhi. Halisemi kama kazi hiyo ni nzuri au mbaya. Choo cha shimo ni maendeleo kwa maana hiyo. Kugeuza nyumba ya kulala kuwa posho mill ni maendeleo, hata kama hukuongeza tofali moja. Anayefanya hivyo ndani ya kaunti bila kibali ametenda kosa, na akipatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au vyote viwili.

Pima uzito huo. Nusu milioni, kwa neno ambalo mtu wa Khumusalaba analisikia kama sifa.

Mimi ningeacha maendeleo yabaki kwa wanasiasa. Kitendo kinachozungumziwa na sheria ningekiita uendelezaji wa ardhi, na ruhusa yake ningeiita kibali cha uendelezaji, ingawa fundi atakiita kibali cha kujenga, na fundi ana haki. Jambo kubwa ni kwamba anayesoma ajue mara moja kwamba anasoma habari ya tendo linalohitaji idhini, wala si habari ya hatua ya kupongezwa.

Wako watakaosema kwamba udhibiti wa ujenzi ni kitu cha mjini, kilichokuja na wazungu, na kwamba huku kwetu Kisa mtu hujenga kwake apendavyo. Wazee walioketi hapa mbele wanajua si kweli. Kijana wa Kisa alipofika umri wa kutoka nyumbani kwa mamake hakuamka tu akachimba mashimo ya nguzo. Alionyeshwa na babake mahali pa kuweka isimba yake, yaani nyumba ya kijana. Mahali hapo palikuwa na sababu: lango liko wapi, nyumba ya mkubwa wake iko upande gani, maji ya mvua yanateremkia wapi. Aliyejenga kinyume aliitwa mbele ya wazee na alibomoa. Kuonyeshwa kule kulikuwa kibali, kuitwa kule kulikuwa notisi, na kulikuwa na rufaa kwa ami. Tofauti ni kwamba kila neno la kesi ile lilisemwa kwa Lushisa, lugha yetu ya Kisa, na hakuna aliyeondoka bila kuelewa alichokatazwa.

Sheria iliyotujia baadaye ilikuja kwa lugha nyingine, na ilikuja nusunusu. Kwa zaidi ya miaka hamsini Kenya ilijenga chini ya amri mbili za 1968, moja ya majengo ya kudumu na nyingine ya majengo ya daraja la pili, yale ya gharama nafuu na vifaa hafifu zaidi. Katika jina la amri zile kulikuwa na neno ambalo wengi walilipita bila kulitazama: zilikuwa sheria ndogo za kupokelewa. Maana yake, ziliandikwa Nairobi zikawekwa mezani, na baraza la eneo ndilo lililopaswa kuzipokea ili ziwe na nguvu kwake. Kwa hiyo ukuta wa aina moja ungeweza kuwa kosa katika manispaa na usiwe kosa ng'ambo ya mpaka wa manispaa hiyo. Watu wa mashambani wakajifunza somo ambalo halijawatoka hadi leo, kwamba sheria ya ujenzi huishia pale lami inapoishia. Hata mabaraza yenyewe yalipoondoka na kaunti zikaingia mwaka 2013, somo hilo lilibaki.

Sasa halina msingi tena. Katiba ya 2010 imekabidhi kaunti kazi ya mipango na maendeleo ya eneo zima, Namasoli sawa na mji wa Kakamega. Sheria ya 2019 inasema ndani ya kaunti, haisemi ndani ya mji. Na Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za 2024, zilizoanza kutumika tarehe 1 Machi 2025, zimechukua nafasi ya zile amri za 1968. Hazingoji baraza lizipokee. Zimekwisha kufika, hata kama hujaziona.

Nirudi kwenye karatasi ya mama mdogo, maana kila sentensi yake ina mtego.

Kichwa chake, enforcement notice, watafsiri wetu wengi hukiita ilani ya utekelezaji. Mimi ni mtu wa lugha, na nasema wazi kwamba tafsiri hiyo imeshindwa. Utekelezaji, kwa sikio la Mswahili, ni habari njema: utekelezaji wa mradi, utekelezaji wa ahadi. Na ilani, kwa jirani zetu wa Tanzania, ni kitabu cha ahadi za chama wakati wa uchaguzi. Weka maneno hayo mawili pamoja, nawe utakuwa umempa mwenye duka kichwa kinachofanana na tangazo la mkutano wa siasa. Karatasi inayokuambia acha, rekebisha, au ubomoe, iitwe notisi ya kushurutisha. Neno notisi wanalijua hata watoto, na kushurutisha hakumdanganyi mtu.

Kisha karatasi inamtaja anayepewa. Sheria inaruhusu notisi hiyo apewe mwenye ardhi, au anayekaa ndani, au wakala, au mwendelezaji. Ni watu wanne tofauti. Katika masoko yetu mara nyingi ploti ni ya mtu aliye Nairobi, jengo lilijengwa na shemeji yake, na anayeuza ndani ni mpangaji. Karatasi humkuta mpangaji. Yeye husema, "Mimi si mwenyewe," akaiweka pembeni, na siku zinahesabika. Mpangaji, sikiliza: kukaa kwako ndani kunatosha.

Halafu kuna kitenzi kidogo ambacho kimeponza wengi. Kiingereza cha sheria hutofautisha kwa neno mojamoja jambo ambalo afisa lazima alifanye na jambo ambalo ana mamlaka ya kulifanya akipenda. Nimeona hilo la pili likitafsiriwa kwa huenda. "Huenda waziri wa kaunti akaamuru jengo libomolewe." Huenda mvua ikanyesha. Huenda isinyeshe. Msomaji anabaki akidhani anatabiriwa hali ya hewa, kumbe anaambiwa kwamba kuna mtu mwenye mamlaka kamili juu ya paa lake. Kiswahili kina njia tele: ana mamlaka ya kuamuru, anaruhusiwa kuamuru. Kwa lile la kwanza kuna lazima na kuna atatakiwa. Anayechanganya haya katika hati ya serikali amempotezea mtu nyumba.

Na sheria inaitaka notisi iseme mambo kadha wa kadha: ni kifungu gani au sharti gani limevunjwa, ni hatua gani zichukuliwe, na kwa muda gani. Haya ni haki ya anayepewa. Ndiyo sababu siipendi ile alama ya X nyekundu tunayoiona ukutani kando ya barabara. Kila mtu anaielewa, hilo nakubali, haihitaji mtafsiri. Lakini X haitaji kifungu. Haisemi kama kosa ni ukuta kuingia katika hifadhi ya barabara au ni jengo lote kukosa kibali. Haina tarehe, haina mahali pa kulalamika. Ukiikuta X, nenda kwa ofisi iliyoichora ukaombe maandishi. Kuomba maandishi si ukaidi.

Rufaa yenyewe hupelekwa kwa Kamati ya Upatanisho ya Kaunti inayoshughulikia mipango na matumizi ya ardhi, ndani ya siku 14 tangu kukabidhiwa notisi, na kamati ina siku 30 za kuamua. Asiyeridhika huko huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Jina la kamati hiyo halijulikani sokoni. Nimeuliza wenye maduka, na wengi hudhani mlalamikaji huenda kwa chifu au kwa mwakilishi wa wadi. Chifu ni mtu mwema, ila siku 14 hazimngoji.

Sasa nitasema jambo ambalo mwananchi angefurahi kulijua, na ambalo limefichwa na lugha kuliko yote. Ukipeleka maombi ya kibali, na usipate jibu la maandishi kwa siku 60, sheria inasema kibali kihesabiwe kuwa kimetolewa. Kunyamaza ni kukubali. Wahenga wetu wa Kiswahili na wabunge wa 2019 walikutana hapo. Lakini kimya hicho kinahitaji shahidi. Kama ulipeleka michoro kwa mkono, ukamwachia mtu mlangoni bila nakala iliyogongwa muhuri wenye tarehe, basi siku yako ya kwanza haijulikani, na pasipo siku ya kwanza hakuna siku ya 60. Wala msidhani kimya hicho kinawaondolea masharti mengine. Afisa wa afya ya umma bado atataka kujua choo kiko umbali gani na kisima. Msingi mbovu haugeuki kuwa mzuri kwa sababu ofisi ililala.

Kuna pia msamaha unaotafsiriwa vibaya kwa upande wa pili, yaani kwa kumfurahisha mtu kupita kiasi. Sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ya 2011 ndiyo inayosajili wakandarasi, kuanzia daraja la kwanza hadi la nane. Sheria hiyo inaachilia jengo la jadi, na nyumba ya kuishi ya mtu binafsi isiyohitaji usanifu wa kihandisi. Mafundi wengi wameusikia msamaha huu kwa maneno matatu tu: "Nyumba binafsi, ruhusa." Wameacha nusu ya sentensi. Ukipandisha ghorofa, ukasimamisha kolamu na kumwaga slabu, nyumba yako ni ya binafsi bado, lakini sasa inahitaji hesabu ya mhandisi, na msamaha umekutoka. Na huo ni msamaha wa sheria ile ya wakandarasi. Kibali cha kaunti ni habari nyingine, kinatoka katika sheria nyingine.

Nimesema fundi ana haki, na nataka kueleza kwa nini, kwa sababu hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Watu husema Kiswahili hakina maneno ya sheria ya ujenzi. Nendeni kwenye mjengo wowote, Dudi au Mulwanda, mkae saa moja. Mtasikia timazi na pima maji. Mtasikia msingi, mtaro, kolamu, slabu, bimu, linta, balasti, mchanga, karai. Karatasi nyeusi ya kuzuia unyevu usipande ukutani wanaiita dipisii, na kila kibarua anajua inawekwa wapi, ingawa mwenye nyumba akibana pesa haiwekwi. Mtamsikia fundi akisema "moja kwa mbili kwa nne" na wilbaro zikapangwa kwa hesabu hiyo, saruji, mchanga, balasti. Lugha ipo, tena imenyooka kama uzi wa fundi. Kilichokosekana ni karani wa sheria kutoka ofisini kwenda kuichukua.

Fikirini sharti hili moja: kazi isifunikwe kabla ya kukaguliwa. Katika hati za kisheria sharti kama hilo hujaza aya nzima. Kwa lugha ya mjengo lingekuwa hivi: "Usimwage zege kwenye mtaro wa msingi, wala usifunike chuma cha slabu, kabla mkaguzi hajakiona." Fundi hahitaji kuelezwa zaidi. Anajua kwamba zege likishamwagwa hakuna jicho linalopenya, na kwamba vyuma sita na vyuma vinne vikifunikwa vinafanana. Ukimwandikia hivyo hatasema hakujua. Kama atavunja, atakuwa amevunja akijua, na hapo sheria imemshika vizuri.

Hata mchoro ni lugha. Wanafunzi wa uhandisi kutoka Chuo Kikuu cha Montana State, Marekani, wamefanya kazi kwa miaka mingi hapa Khwisero, visima na vyoo katika shule zetu za msingi. Wengi wao hawakujua Lushisa. Mchoro ulikuwa lugha yao na mafundi wa hapa, mstari na kipimo. Mchoro ulioidhinishwa ndio unaoongoza kazi katika mjengo, kwa hiyo nawasihi mafundi: ukae pale pale kazini, ndani ya nailoni, msiuache nyumbani kwa mwenye nyumba.

Na kwa nini nashughulika hivi na maneno? Tarehe 3 Februari 2020, jioni, watoto wa Shule ya Msingi ya Kakamega walikuwa wanashuka ngazi kwenda nyumbani. Walikanyagana, na watoto 14 wakafa. Miezi minne kabla, Septemba 2019, darasa liliwaangukia wanafunzi wa shule ya Precious Talent huko Dagoretti, Nairobi, na wanane wakafa. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 ulikuwepo tayari. Unasema milango ya mabweni ifungukie nje. Unasema madirisha yasiwe na vyuma vya kuzuia. Unasema kitanda na kitanda viachane kwa mita 1.2 au zaidi. Ni masharti ambayo mzazi yeyote angeweza kuyakagua kwa macho na kwa kamba, akiwa amekuja kulipa karo. Yaliandikwa kwa Kiingereza. Mzazi hakuyapata. Septemba 2024 bweni la shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, liliungua na wavulana 21 wakafa, na taifa likaanza tena kuulizana juu ya mabweni.

Siwezi kuwaambia kwamba lugha peke yake inasimamisha ukuta. Tanzania wamesema kibali cha ujenzi kwa Kiswahili miaka nenda miaka rudi, na tangu 2021 sheria yao imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Hata hivyo tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, na watu zaidi ya 20 wakafa. Neno linaloeleweka linaweza kupuuzwa. Tofauti ninayoiona ni hii: Kariakoo, mchuuzi wa kawaida aliweza kusimama barabarani na kuuliza, kwa lugha yake, nani alitoa kibali na nani alikagua, na afisa hakuwa na pazia la Kiingereza la kujifunika. Sisi hata swali hatujapewa maneno yake.

Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Rasmi, si ya kuombea radhi. Kwa hiyo ombi langu kwa Bunge la Kaunti ya Kakamega ni dogo na halihitaji fedha nyingi. Fomu ya maombi ya kibali, notisi ya kushurutisha, na hati ya kuruhusu jengo kukaliwa, hizo karatasi tatu, zichapishwe kwa Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Kabla hazijachapishwa, waketishwe mafundi watano wa kweli, wasomewe, na kila neno wasilolielewa lifutwe. Na katika notisi, siku 14 za rufaa na jina la kamati viwe mstari wa kwanza, juu kabisa, kwa herufi nene.

Wakati tunangoja hayo, wewe uliyeketi hapa, ukikabidhiwa karatasi kesho, kabla hujamwita mtu akusomee, igeuze na uandike nyuma yake tarehe uliyoipokea. Mama mdogo hakuiandika. Chumba kile cha nyuma hakipo tena.